Kota Nyuma ya Kituo

Jeshi la Polisi Tanzania huwa na siku yake ya familia, na kila mkoa hupanga ya kwake. Wake huvutana kamba na waume, watoto hukimbia na magunia, bendi hupiga. Kisha mgeni rasmi hutoa vyeti na zawadi kwa askari waliofanya vizuri mwaka uliopita. Familia hushukuriwa mwishoni kabisa, kwa sentensi moja, wakati harufu ya pilau imeshavuruga usikivu wa watu.

Sina ugomvi na pilau. Nimekaa kwenye mahema hayo nikiwa mtu mzima, nikimsindikiza mama, na nimekula nikashiba. Lakini mimi ni mtoto wa askari, nimekulia kota, na kila nikiisikia ile sentensi moja naona jinsi isivyoweza kubeba mzigo inaotwishwa. Sehemu kubwa ya kazi ya polisi niliyoiona kwa macho yangu ilifanywa na watu wasiokuwa na namba ya jeshi. Hawakulipwa, na hakuna aliyewauliza kama wanaitaka.

Baba alipita Moshi, kwenye chuo ambacho vizazi na vizazi vya askari wa nchi hii wamekipita, mwishoni mwa miaka ya 1970. Ilikuwa enzi ya vita vya Kagera, na watu husahau kwamba vita vile havikuwa vya JWTZ peke yao. Polisi, magereza na mgambo walikwenda pia. Yeye hakupelekwa, na hilo lilimkera mpaka uzeeni, hasa wenzake walipoanza hadithi zao. Alianza konstebo, akastaafu stesheni sajini. Katikati hapo alihamishwa sana. Sisi watoto, hakuna wawili kati yetu waliozaliwa mkoa mmoja.

Uhamisho ulikuja kwa redio ya upepo. Baba alirudi nyumbani saa ambayo si ya kurudi, akasimama mlangoni, akataja jina la mji, basi. Mama hakusema kitu. Aliingia ndani akaburuta masanduku ya bati, yale yenye jina na namba ya baba kwa rangi nyeupe, akaanza na vyombo. Jambo lililomuuma lilikuwa shamba. Kila tulikohamia aliomba kipande cha ardhi nyuma ya kota akapanda mahindi, na mara nyingi mahindi hayo alivuna mtu mwingine. Lakini na yeye, kwenye kituo kipya, alikuta wakati mwingine mihogo au kunde za mwanamke aliyeondoka wiki ileile. Hakuwahi kumjua. Alivuna, akala, na akisali usiku alimtaja kama "yule aliyepanda".

Nyumba za kwanza ninazozikumbuka ni zile zinazoitwa fulsuti: bati juu, bati ubavuni. Mchana hukaliki ndani. Usiku wa Juni hutoki kwenye blanketi. Baadaye tulipata kota za matofali za tangu ukoloni, chumba na sebule, ukuta mmoja familia mbili. Tulijua kikohozi cha jirani na saa anayokoroma. Jirani naye alijua siku ambayo sukari yetu imeisha, maana mama aligonga ukutani kabla ya kunituma na kikombe.

Kituo kilikuwa hatua chache mbele, na ndiyo maana kota hazikuwahi kuwa nyumbani kikamilifu. Dirisha liligongwa usiku. "Afande, unahitajika." Sauti ilikuwa ya chini, kwa heshima, lakini nyumba nzima iliamka. Baba alivaa gizani. Mama aliwasha kibatari, akampa kitambaa, akakaa kitandani kwa muda akisikiliza gari linakoelekea. Likielekea barabara kuu ilikuwa ajali. Likielekea mtoni ilikuwa mtu amezama, au mbaya zaidi. Kwa sauti ya injini peke yake aliweza kujua kama asubuhi atapika chai ya kawaida, au atachemsha maji mengi ya kuoga na kuacha chakula kwa sababu hakitalika.

Sare ilikuwa kazi ya nyumba nzima. Mama alipiga pasi ya mkaa na wanga mpaka mkunjo wa suruali ukasimama wenyewe. Sisi tulisugua bizimu la mkanda na kung'arisha viatu, na baba alikagua kabla ya mkaguzi kumkagua yeye. Tulimpigia saluti pale uani, "Jambo afande!", naye akajibu kwa uso mkavu, "Jambo." Wapita njia walimwona askari nadhifu barabarani. Sisi tuliona kazi ya jioni nzima ikitembea.

Halafu kulikuwa na uji. Mahabusu hutegemea ndugu zao kwa chakula kuliko watu wanavyodhani, na kila siku walikuwapo wasiokuwa na ndugu mjini: mchunga ng'ombe aliyetoka mbali, kijana aliyekamatwa stendi, mlevi asiyejua aliko. Wake wa kota walikuwa na utaratibu wao ambao haukuandikwa popote. Leo nyumba hii inaongeza unga kwenye sufuria, kesho ile. Nilimuuliza baba kwa nini tunalisha wezi. Alijibu bila kuinua macho: "Mwizi naye ana tumbo. Na wengine humu si wezi, bado hatujajua." Jibu hilo la pili nimelielewa vizuri nikiwa mkubwa. Nimewasikia wanasheria wakieleza dhana ya mtu kutokuwa na hatia mpaka ithibitike, kwa maneno mengi, na hakuna aliyeieleza kwa ufupi kama yule koplo aliyekuwa anakunywa uji huohuo.

Nikiambiwa nichague jambo moja la kumshukuru mama kwa niaba ya umma, sitataja uji wala pasi. Nitataja mlango wa jikoni.

PF3 ni fomu ambayo mtu aliyeumizwa huichukua polisi ili akatibiwe, na daktari akishaijaza huweza kuwa ushahidi mahakamani. Ni karatasi tu. Lakini miaka ile, mwanamke aliyepigwa na mumewe ilimbidi aipate kaunta, mbele ya askari wanaume, mbele ya foleni ya watu waliokuja kwa mambo ya baiskeli na madeni, na aseme kwa sauti inayosikika kilichompata. Aliyebakwa ilimbidi aseme hivyohivyo. Wengi hawakufika kaunta. Walizunguka nyuma. Walipiga hodi jikoni kwa mama wakijidai wamekuja kununua vitumbua, maana mama aliuza vitumbua, na wakakaa kwenye kigoda. Kitumbua kilipoa mkononi. Mama hakuuliza. Aliendelea na moto wake mpaka mtu aanze mwenyewe.

Baadaye mama alinituma, "Nenda kamwite dada WP." Kituo kizima kilikuwa na askari wa kike mmoja. Alikuja bila kofia, akakaa chini kwenye mkeka, na maelezo yakaanza hapo, katikati ya moshi, kabla hayajawa maelezo ya polisi. Siku nyingine hayakuwa kesi kamwe. Mwanamke alilia, akanawa uso, akarudi kwake, na mama akakasirika siku nzima. Siku nyingine yalifika mahakamani. Mama hakuwahi kwenda kusikiliza. Alisema hao mahakimu wana watu wao wa kuwasikiliza.

Leo vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na kuna Mtandao wa Polisi Wanawake unaojulikana kama TPF-Net. Nilipoingia kwa mara ya kwanza kwenye chumba cha dawati hilo, chenye mlango wake wa pembeni, viti vya kukaa ana kwa ana na midoli ya watoto kwenye kona, niliona jiko la mama limepewa kibao. Sisemi hivyo kwa kejeli. Nafurahi limepewa kibao, na nafurahi zaidi kwamba aliyekaa pale analipwa mshahara. Ila kabla ya mradi wowote, kazi hiyo ilikuwapo na ilikuwa na watu.

Wako na wengine ambao hata kwenye ile sentensi moja hawaingii: watumishi raia. Mchapaji wa kituo kimoja tulichokaa alikuwa mama wa makamo asiyevaa sare. Taipu yake ilisikika mpaka kota. Majalada yaliyokwenda mahakamani yalipita vidoleni mwake, na karatasi za kaboni zilimwachia kucha nyeusi ambazo alizificha kanisani. Mauaji, ubakaji, mtoto aliyetupwa chooni, vyote alivisoma neno kwa neno, maana huwezi kuchapa bila kusoma. Mchana alikuja kunywa chai kwetu. Alisema, "Leo nimeandika mambo," akanyamaza hapo, na mama akamwongezea sukari. Fundi magari wa kituo alikuwa na yake, mfagizi aliyeosha sakafu ya mahabusu alikuwa na yake. Watu hawa huona yote anayoyaona askari, bila cheo na bila saluti ya mtu yeyote.

Kuhusu ajali siwezi kupita haraka. Barabara kuu ilipita karibu na mji mmoja tuliokaa, na usiku mabasi yalikimbizana. Baba na wenzake ndio waliofika kwanza, mara nyingi kwa gari moja bovu, mara nyingine kwa lori la kuomba. Walitoa watu kwa mikono. Aliporudi alivua sare nje, akaoga bombani kungali giza, akaingia akiwa amejifunga shuka. Kisha alichukua viatu vyake na kuanza kuving'arisha, hata kama vilikuwa safi, kwa saa nzima au zaidi. Tulijua kutomsemesha. Mtu wa kumuuliza anaendeleaje hakuwapo. Jambo hilo halikuwa na jina wala ofisi. Wenzake wengine walikwenda kantini kunywa. Wengine walirudi wakapiga wake zao, na ukuta ni mmoja, kila mtu akasikia. Mama na wanawake wenzake walikuwa na mbinu: walituma watoto wakaombe chumvi nyumba hiyo, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwanamume aone aibu. Ilifaulu siku nyingi. Haikufaulu kila siku, na sipendi kumbukumbu za kota zinazoruka kurasa hizo.

Vilevile sipendi shukrani inayoruka kurasa nyingine. Januari 2001, Zanzibar, maandamano yalikutana na risasi, na watu zaidi ya thelathini wakafa. Tarehe 2 Septemba 2012, kijijini Nyololo mkoani Iringa, mwandishi wa habari wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa akiwa kazini, katikati ya kundi la askari. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15. Nakumbuka baba, wakati huo mstaafu, akitazama picha ya tukio hilo gazetini. Aliligeuza gazeti uso chini, akaenda kukaa nje. Mama alilichukua akalisoma hadi mwisho. Akauliza kama marehemu ameacha watoto. Halafu, baada ya muda, akauliza kama yule askari kijana ana mke.

Maswali yote mawili aliyauliza kwa sauti ileile. Naona watu wengi wanaweza kuuliza moja tu. Wako wanaowapenda polisi kwa kufumba macho, na wako wanaowachukia hao hao kwa kufumba macho vilevile. Mtoto wa kota hawezi kuwa miongoni mwao. Shuleni nililipia makosa nisiyoyafanya. Askari fulani akichukua rushwa kwa mwenye genge, kesho yake mtoto wa mwenye genge hakukaa na mimi. Nilipokaribia, mazungumzo yalikatika. Niliona uonevu. Sasa naona kwamba mwenye genge alikuwa na haki ya kuikasirikia sare, na mtoto wake hakuwa na njia ya kuigusa isipokuwa kupitia kwangu. Askari anayepokea shilingi elfu tano barabarani hajui ni watoto wangapi wa wenzake watakaozilipa.

Kisha ikaja miaka ambayo sare yenyewe ilikuwa inawindwa. Usiku wa 12 Julai 2015 majambazi walivamia kituo cha Stakishari, Dar es Salaam, wakaua watu saba, wanne wao askari, na kuondoka na silaha. Tarehe 23 Agosti 2016 askari wanne waliuawa kwenye benki Mbande, Mbagala. Tarehe 13 Aprili 2017, Kibiti mkoani Pwani, askari waliokuwa wakirudi kwa gari baada ya lindo walishambuliwa, wanane wakafa. Kibiti haikuwa ya polisi peke yao. Viongozi wa vijiji nao waliuawa mmoja baada ya mwingine, na wananchi walilala porini. Na mwaka 2021, mchana kweupe, karibu na ubalozi wa Ufaransa pale Selander, mtu mwenye bunduki aliua askari watatu na mlinzi mmoja.

Baba alikuwa ameshastaafu. Hata hivyo, kila tukio simu ya mama haikupumzika. Wanawake wa kota tulizoziacha miaka mingi nyuma walikuwa wanatafutana: mtoto wa fulani si alijiunga? Mkwe wa fulani si yuko Pwani? Kazi hii hurithiwa, jambo ambalo hotuba hulisifu kuliko linavyostahili. Jirani yetu mmoja wa zamani alikuwa na wanawe wawili kazini, na usiku wa habari za Kibiti alishindwa kumpata mmoja kwenye simu mpaka asubuhi. Betri ilikuwa imekwisha. Aliponisimulia alicheka. Mikono yake haikucheka.

Askari akifa kazini anazikwa vizuri. Nimeyaona mazishi hayo: bendera, risasi za heshima, kamanda akisoma wasifu, gari la kupeleka mwili kwao, na wenzake waliochanga kabla hawajaambiwa wachange. Hapo sina lawama. Kinachofuata ndicho kigumu. Kota ni ya kazi, si ya mtu. Mwenye kazi akiondoka, anasubiriwa askari mwingine mwenye mke na watoto, naye pia ana shida ya nyumba. Mjane hana budi kutoka. Anatoka kwenye ukuta mmoja na wanawake waliomjua, anakwenda kwenye kijiji cha mume ambako pengine amelala siku chache tu maishani mwake, watoto wakibadili shule tena. Huku nyuma kuna mirathi ya kufungua mahakama ya mwanzo, msimamizi wa kuteuliwa, vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vilivyopotea kwenye uhamisho wa mikoa minne, na faili la mafao ambalo tangu 2018 liko kwenye mfuko wa PSSSF.

Niliwahi kumsikia kiongozi mmoja akisema jukwaani kwamba taifa halitawasahau wajane hao. Sidhani alikuwa anadanganya. Ila taifa halina mtu wa kumtuma asubuhi apange foleni na mjane huyo. Kuna mambo ambayo serikali peke yake ndiyo inayoweza kuyafanya, kama nyumba za kutosha na mafao yanayotoka kwa wakati, na yasifichwe nyuma ya ukarimu wa majirani. Yapo mengine ambayo mtu yeyote anayesema anawashukuru polisi anaweza kuyaanza bila kusubiri siku ya familia. Aulize kituo cha mtaani kwake nani amefiwa. Ampeleke mtoto wa mjane shule wakati mama yake yuko mahakamani. Amsomee fomu zake. Mchapaji aliyestaafu yuko wapi siku hizi?

Mama sasa ni mzee, magoti hayamtii, na baba ametangulia. Wanawake wa kota wana kikundi chao kwenye simu, na wanachangiana. Jina la kikundi ni la mji ambako wengi wao walikutana, ingawa hakuna hata mmoja anayeishi huko leo. Michango huanzia nauli. Hivi karibuni mama aliongozana na mjane mmoja, kijana kuliko mimi, kwenda kufungua mirathi. Mumewe hakupigwa risasi. Aligongwa na lori akiwa anaongoza magari usiku. Mama yake mjane huyo alikuwa jirani yetu, kota ya pili kutoka bombani.

Karani alitazama karatasi, kisha akamtazama mama na fimbo yake, akamuuliza yeye ni nani wa marehemu.

"Nilimlea mkewe," mama alisema. "Ukuta mmoja."

Karani akasema cheti cha kifo kina herufi moja iliyokosewa kwenye jina la ukoo, hakiwezi kupokelewa, kikarekebishwe kwanza. Mama alitoka akakaa kwenye benchi la nje, akavaa miwani, akaandika kwenye kikundi kwamba inatakiwa nauli nyingine, ya watu wawili, kwenda na kurudi. Akaongeza kuwa safari hii aje mtu mwenye magoti mazuri.